Mawe Yanayorudi Kila Masika

Maswali ya wasomaji

SWALI: Salamu nyingi kutoka Kasese. Ninaishi bondeni, si mbali na mto Nyamwamba, pamoja na mke wangu na watoto watatu. Mafuriko ya Mei 2013 yalichukua nyumba ya mama yangu, na yale ya Mei 2020 yakachukua yangu pamoja na shamba la mahindi na mbuzi wanne. Kila kiangazi sisi wakazi hukusanyika kutoa mawe yaliyojaa mtoni, mengine makubwa kiasi cha kuhitaji watu wanane wenye mitaimbo, na tingatinga pia limewahi kuletwa. Mvua ikinyesha milimani, mto hushusha mengine. Mpwa wangu anayesoma chuoni Kampala alinisimulia habari za Sisyphus na jiwe lake, akaniambia kwamba Mfaransa aitwaye Camus aliandika kwamba hatuna budi kumfikiria mtu huyo kuwa na furaha. Tangu siku hiyo silali vizuri. Najiuliza kwa nini nijenge tena, na kwa nini nihangaike na karo za shule, ikiwa mwisho wa yote ni maji. Je, maneno hayo ni faraja au ni dhihaka?
Msomaji, Kasese

JIBU: Ndugu yangu wa Kasese, barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu, na nitaanzia pale ulipopita haraka, yaani pale unaposema kwamba hulali vizuri. Albert Camus mwenyewe alianzia hapo. Kitabu chake kuhusu Sisyphus, kilichotolewa Ufaransa mwaka 1942, kinafunguka kwa kusema kwamba swali zito kuliko yote katika falsafa ni kama inafaa kuendelea kuishi au la, na kurasa zote zinazofuata zimeandikwa ili kuonyesha kwamba inafaa. Kwa hiyo, ikiwa usiku mawazo yako huvuka kutoka kwenye nyumba na kuufikia uhai wako, usibishane nayo peke yako kana kwamba ni falsafa tu. Mwambie mkeo, mwambie nduguyo au kiongozi wako wa dini, kisha ufike kituo cha afya na uwaeleze hivyohivyo, kwa maana hospitali za rufaa za mikoa zina wahudumu wa afya ya akili waliofunzwa kumsaidia mwenye mzigo wa namna hiyo. Hilo kwangu ni kubwa kuliko yote nitakayoandika hapa chini.

Sasa kisa chenyewe. Katika masimulizi ya Wagiriki wa kale, Sisyphus alikuwa mfalme mjanja wa Korintho ambaye, kwa simulizi mojawapo, alimfunga Mauti minyororo hata watu wakaacha kufa. Miungu ikamhukumu kusukuma jiwe hadi kileleni mwa mlima, na kila anapokaribia kufika, jiwe huporomoka mpaka chini, naye huanza upya, milele. Sisi tungesema amehukumiwa kutwanga maji kinuni. Mpwa wako amekupa sentensi ya mwisho ya kitabu bila kukupa njia iliyoifikia, na sentensi hiyo ikisimama peke yake inaumiza. Nami iliniumiza nilipokutana nayo mara ya kwanza, kwa sababu nilidhani imeandikwa na mtu aliyeshiba, aliyekaa kivulini akiwatazama wengine wakisukuma.

Nilikuwa nimekosea. Camus alizaliwa Algeria mwaka 1913, na baba yake akafa vitani mwaka uliofuata, kabla mtoto hajamjua. Mama yake hakujua kusoma, alisikia kwa shida, na aliwalea wanawe kwa kusafisha nyumba za watu mjini Algiers. Akiwa na miaka 17 kijana huyo, aliyekuwa golikipa hodari, alianza kutema damu kwa kifua kikuu, na mpira ukamwisha hapo. Kitabu alikiandika kuanzia mwaka 1940, wakati Ufaransa inaanguka mikononi mwa majeshi ya Wajerumani. Si lazima umkubali kwa sababu ya taabu zake, lakini ni haki ujue kwamba jiwe alilijua kwa mabega yake mwenyewe.

Neno la Kifaransa alilolitumia, absurde, wahakiki wetu wa fasihi hulitafsiri kuwa ubwege, nami nalipokea shingo upande, kwa kuwa msomaji wa kawaida husikia ndani yake bwege, mtu mpumbavu. Camus hakusema kwamba binadamu ni mpumbavu. Alisema kwamba binadamu huuliza na dunia hunyamaza, na kwamba ubwege haukai kwa anayeuliza peke yake wala kwa inayonyamaza peke yake, bali huzaliwa pale wanapokutana. Mto Nyamwamba haukuchukii, ndugu yangu. Unashuka kutoka Rwenzori kwenda Ziwa George kama ulivyoshuka kabla bonde halijawa na nyumba hata moja, na mawe unayoyabeba hayajui jina lako. Wewe ndiwe unayesimama ukingoni na kudai sababu, na kudai huko si kosa, kwa maana ndiko kunakokutofautisha na mawe yenyewe.

Kutoka hapo njia hugawanyika. Nihilisimu husema kwamba, kwa kuwa dunia haijibu, hakuna jambo lenye thamani kuliko jingine, na kujenga na kutojenga ni mamoja. Nadhani hapo ndipo usingizi wako unapopotelea, kwa hiyo tuikague hoja hiyo taratibu. Ina sharti iliyolificha ndani yake, nalo ni kwamba kisichodumu hakina thamani. Ni nani aliyelithibitisha? Nyumba ya mama yako ilisimama miaka mingi kabla ya ile Mei. Ndani yake, naamini, wagonjwa waliuguzwa, ugali wa muhogo ulisongwa kila jioni, na wewe ulifundishwa kuhesabu. Maji yalichukua kuta. Hayakuweza kurudi nyuma na kuifanya miaka ile kuwa haikuwapo. Mtoto anayekula leo ameshiba leo kwelikweli, na njaa ya mwaka ujao, ikija, haitaifuta shibe hiyo. Anayekuambia kwamba kazi yako ni bure kwa sababu haitadumu amechukua kipimo cha milele akaja kupimia chakula cha jioni.

Tulilelewa kwa methali isemayo kwamba mchumia juani hulia kivulini, na kilio chako, kama nimekusikia vizuri, ni kwamba umechuma juani mara mbili na kivuli kikachukuliwa na maji. Sitakudanganya kwamba safari hii kivuli kitabaki. Naweza tu kukuonyesha pale Camus alipoyaelekeza macho yake, mahali ambapo wasimuliaji wengi hupapita. Yeye hakumtazama sana Sisyphus akiwa anasukuma. Alimtazama akiwa anashuka. Jiwe limekwisha kuporomoka, mtu anateremka nyuma yake mikono mitupu, anajua kabisa kinachomngoja chini, na kwa muda huo jiwe halimtawali, kwa sababu analiona lilivyo na anaendelea kutembea. Hapo ndipo Camus anapoandika kwamba mapambano yenyewe ya kuelekea kileleni yanatosha kuujaza moyo wa binadamu. Nakuomba ukumbuke jioni za kiangazi, mnapotoka mtoni baada ya kazi ya pamoja, ile Waganda waiitayo bulungi bwansi, mkiwa na matope hadi magotini, na mmoja anaanza kusimulia namna lile jiwe kubwa lilivyowashinda hadi mlipoweka mtaimbo wa pili. Hakuna kati yenu anayeamini kwamba mto umekwisha. Hata hivyo mnarudi nyumbani mkizungumza kwa sauti kubwa kuliko mlipokwenda.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo simfuati Camus, nalo linakuhusu wewe hasa. Sisyphus yuko peke yake. Jiwe lake halimlishi mtu, halimkingi jirani, na hakuna mtoto anayelala salama usiku mmoja zaidi kwa sababu limesukumwa. Jiwe mnalolitoa Nyamwamba ni la namna nyingine: likitoka, maji hupata njia, na pengine mvua tatu hupita bila kuingia kwa jirani kabla ya ile ya nne kuingia. Mvua tatu si milele, lakini ndani ya mvua tatu kunavunwa maharage na mtu mzee hulala pakavu. Tukikuita Sisyphus bila kulitaja hilo tunakudhulumu, kwa kuwa tunakunyang'anya hata kile ambacho kazi yako imekizaa.

Tena Sisyphus hana mlima mwingine wa kuchagua, na wewe huenda unao. Hakuna mahali katika falsafa hii panapokulazimisha kujenga palepale maji yalipopita mara mbili. Ikiwa ukoo una ardhi ya juu, au majirani wanaweza kuungana kutafuta sehemu iliyoinuka, kuhama si kushindwa. Camus aliuita msimamo wake uasi, na hakumaanisha kuvumilia kila kitu kimya kimya. Mwaka 1939, alipokuwa mwandishi wa gazeti huko Algiers, alipanda milima ya Kabylia akaandika mfululizo wa makala kuhusu njaa ya wenyeji, akitaja kiasi cha nafaka walichogawiwa na ujira mdogo waliolipwa, na akaitaka serikali ya kikoloni iwajibike. Hakuwaambia Wakabyle wajifikirie kuwa na furaha. Jiwe lililoshushwa na mvua halina wa kushtakiwa. Jiwe lililobaki mtoni kwa sababu mwenye wajibu wa kuliondoa hakuliondoa lina wa kuulizwa, na kumuuliza, kwenye mkutano wa kijiji na kwa maandishi, ni sehemu ya kazi ileile ya kusukuma.

Hivyo, kama ni faraja au dhihaka hutegemea kinywa kinachosema. Yakisemwa na yule aliyepaswa kukusaidia kulitoa jiwe, maneno hayo ni dhihaka, nawe una haki ya kuyakataa. Akiyasema msukumaji mwenyewe, akiwa njiani kurudi chini, akilijua jiwe na kujijua, ni maneno ya mtu ambaye hajanyang'anywa kila kitu. Mpwa wako aliyasema akiwa mahali gani sijui, lakini nadhani alikuwa anaomba mtu wa kuzungumza naye kuhusu jiwe lake yeye. Kuhusu karo, lipa unapoweza. Elimu ni mojawapo ya mali chache ambazo mto haujui kuzibeba.

SWALI: Mwanangu wa kiume yuko sekondari ya juu, na siku hizi husema kwamba yeye ni nihilisti na kwamba hakuna lenye maana. Sisi ni Waislamu. Je, nimkataze vitabu hivyo?
Mama, Yumbe

JIBU: Mama yangu, usimkataze, kwa kuwa kitabu kilichokatazwa husomwa gizani, na haya si mambo ya kusomwa gizani. Neno lenyewe limetoka katika Kilatini, nihil, yaani si kitu, na lilienea sana kutokana na riwaya ya Ivan Turgenev wa Urusi iliyotoka mwaka 1862, ambamo kijana Bazarov anakana kila kitu ambacho wazee wake wanakiheshimu. Wapenzi wa Bazarov husahau mwisho wake: kijana huyo aliyekana yote anakufa kwa sumu iliyoingia damuni alipojikata akipasua maiti ya mgonjwa wa homa, katika kazi ya utabibu, kazi ambayo hakuna aliyemlazimisha kuifanya. Muulize mwanao kwa nini mtu asiyeona thamani katika jambo lolote alikuwa akihangaika na wagonjwa. Mwambie pia kwamba Friedrich Nietzsche, mwanafalsafa wa Ujerumani ambaye vijana humtaja kama bingwa wa nihilisimu, aliiona kuwa hatari iliyokuwa ikiijia Ulaya, na alitumia miaka yake ya mwisho ya kazi akitafuta njia ya kuivuka.

Wala dini hailikimbii swali hili. Katika Biblia ya majirani zenu Wakristo, Mhubiri anaanza kwa kusema kwamba yote ni ubatili, na mito huingia baharini bila bahari kujaa. Kwenu imepokewa kutoka kwa Anas bin Malik, katika Musnad ya Imam Ahmad, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijasimama, basi na aupande. Mche huo hautatoa kivuli, wala hakuna atakayekula tunda lake. Sijui maneno mengine yanayokaribia zaidi swali la mwanao, na ningependa ayasikie kutoka kwako.

Akitaka riwaya ya Kiswahili, mpatie Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, upande wa pili wa Ziwa Viktoria, iliyotoka mwaka 1974, lakini muisome pamoja, kwa sababu Kazimoto, mhusika wake mkuu, anajiua mwishoni, na ukurasa huo haufai kuachiwa kijana mwenye huzuni asome peke yake. Ukimwona ameacha kula, amejitenga na wenzake au anagawa vitu vyake, usingoje mjadala. Fanya kama nilivyomwambia ndugu wa Kasese. Kama anabishana tu, mpikie chai, mwache amalize hoja yake yote, kisha umwombe akusomee kwa sauti sura ile iliyomgusa zaidi.