Kabla hujalipia betri kubwa, pima ile ndogo

Kaka mmoja wa Morogoro ameniandikia. Prius yake, gari la Toyota la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme, imelala uani tangu Ijumaa. Rimoti haifungui milango, dashibodi inamulika kwa unyonge kisha inazima, na fundi ameshamwambia betri ya haibridi imekufa, aandae zaidi ya milioni tatu. Anataka nimwelekeze duka la kuaminika hapa Dar. Nilivyosoma ujumbe ule nilihisi damu inapanda, maana maneno aliyoambiwa ndiyo yaleyale niliyoambiwa mimi.

Kaka, usinunue chochote kwanza. Tafuta mtu mwenye mita ya kupimia volti, upime betri ndogo.

Gari la haibridi lina betri mbili, na wengi wetu tunaijua moja tu. Kubwa, ambayo kwenye Prius ya kizazi cha tatu iliyoanza kuuzwa 2009 ina volti 201.6, ndiyo inayosaidiana na injini kulisukuma gari na ndiyo inayoizungusha injini hadi iwake. Stata tuliyoizoea haimo kabisa. Ya pili ni betri ya volti 12, jamaa yake na ya IST au Noah, ila umbo lake dogo. Hii inaamsha kompyuta, taa, kufuli za milango, na zile rileyi, yaani swichi za umeme, zinazoiunganisha betri kubwa na gari. Ukizima gari, rileyi zinaachia na betri kubwa inabaki imetengwa, kwa usalama wako. Sasa betri ndogo ikiisha, rileyi hazina wa kuzivuta, na betri kubwa itakaa pale imejaa pomoni bila faida yoyote.

Tena umeme ukishuka bila kuisha kabisa, kompyuta zinachanganyikiwa. Zinawasha pembetatu nyekundu, taa ya breki, na ule ujumbe wa kukagua mfumo wa haibridi. Hapo ndipo watu wanapopigwa. Mwenye gari anaona neno haibridi kwenye kioo, anatishika, na fundi anaona mtu aliyetishika.

Langu lilizimika wakati wa msiba wa mama yangu mdogo, Tanga. Kabla ya kusafiri niliwapa vijana wa mtaani walioshe. Wakaliosha huku muziki unapiga, milango yote wazi, feni inapuliza. Walichofanya ni kubonyeza kitufe cha POWER bila kukanyaga breki, na gari likiwashwa hivyo linatoa umeme kwenye betri ndogo tu, halirudishi hata kidogo. Wakafunga, wakaondoka. Kumbe ndani kuna treka, kifaa cha kufuatilia gari lilipo, iliyofungwa na walionikopesha fedha za gari, inanyonya umeme kidogokidogo usiku na mchana. Niliporudi, nikabonyeza rimoti, kimya.

Nikamwita fundi. Alifika na kijana wake, akachomeka kifaa chake cha kupimia, kifaa hakikusoma kitu. Hakufungua boneti. Hakugusa buti. Alizunguka gari mara moja, akatingisha kichwa: “Mama, hii ndiyo betri ya haibridi, imekufa. Haya magari kawaida yake.” Akataja bei, akataka nimtumie malipo ya awali kwa simu jioni ileile ili akanichukulie betri kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani kabla hazijaisha. Walipojaribu kulisukuma lisogee kivulini, halikutikisika, na hilo nalo akalihesabu kuwa ushahidi. Ukweli ni kwamba Prius isiyo na umeme haitoki kwenye P, gia ya kuegesha, kwa sababu P yake inafungwa na mota ya umeme. Halisukumwi, na hata ukilisukuma haliwezi kuwaka kwa mtindo huo. Likibebwa, libebwe juu ya gari la kubebea magari, au magurudumu ya mbele yainuliwe.

Nataka mjue kwa nini iliniuma. Siku gari lile linaingia getini, shemeji yangu alisema mbele ya wageni kwamba nimenunua gari la kupaki. Nilinyamaza. Nililitafuta mwenyewe, nikalilipia mwenyewe, nikafuatilia bandarini mwenyewe. Sasa limelala uani na fundi anasema yaleyale aliyosema shemeji. Usiku ule sikulala. Kitabu cha gari ni cha Kijapani, basi nikatafuta cha Kiingereza kwenye simu, nikasoma sura ya gari kuishiwa umeme hadi nikaielewa.

Asubuhi nilimwita kijana wa bajaji, jirani yetu, aje na waya za kubustia. Aliogopa. “Mama, hili lina betri kubwa hivyo, bajaji yangu si itaungua?” Nikamweleza kwamba hatuendi kuzungusha injini, tunaamsha kompyuta tu, na kazi hiyo betri ya bajaji ya volti 12 inaiweza. Ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma, niliuchomoa nikafungua mlango wa dereva, nikavuta boneti. Betri ndogo yenyewe ipo nyuma, chini ya sakafu ya buti upande wa kulia, na buti hufunguka kwa umeme, kwa hiyo usihangaike nayo. Mbele, ndani ya boksi la fyuzi, Toyota wameweka ncha ya chanya yenye kifuniko chekundu kwa ajili ya kubusti.

Waya mwekundu kwenye ncha ile, mwisho wake wa pili kwenye chanya ya bajaji. Mweusi kwenye hasi ya bajaji, na mwisho wa mweusi nikaubana kwenye chuma kitupu cha Prius. Tukasubiri kidogo. Nikaingia, nikakanyaga breki, nikabonyeza POWER. Rileyi zikalia tak, tak nyuma ya kiti cha nyuma, na neno READY, ishara kwamba gari limewaka tayari kwenda, likatokea kwenye dashibodi, la kijani, limetulia. Kijana alishangilia kuliko mimi. Nilimpa nauli ya kutwa nzima na sikuona ni nyingi.

Nilimpigia yule fundi. Akasema, “Basi mama una bahati.” Hakuniomba radhi mpaka leo. Bahati? Angechukua milioni tatu zangu, angebadilisha betri nzima, halafu katika kazi hiyo angeibusti ile ndogo, gari lingewaka, nami ningemshukuru na kumtangaza kwa rafiki zangu. Ni wangapi wameshukuru hivyo? Siwasemi mafundi wote. Wapo waliosoma mifumo hii na wanaijua kuliko sisi. Nawasema wanaotaja bei kabla ya kupima.

Na sisi wenye magari tuna deni letu. Unakaa na gari miaka hujui betri yake iko wapi. Tunalinganisha bei mwezi mzima, tunabishana na wakala kwa elfu hamsini, halafu gari likifika tunamkabidhi mtu yeyote mwenye ovaroli. Akina mama wenzangu, nasema nanyi hasa, kwa sababu tukisimama gereji bei hupanda. Nunua mita. Ni kitu cha bei ndogo na kuitumia ni rahisi: iweke kwenye volti za DC, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Gari likiwa limezimwa na limepumzika, volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa. Ukikuta 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 imekaribia kuisha, na kaka wa Morogoro sitashangaa akikuta 8 au pungufu. Gari likiwa READY, namba ipande hadi karibu 14, maana hapo betri kubwa inaichaji ndogo kupitia konveta, kifaa kinachoshusha volti zake. Isipopanda, tatizo ni lingine, na hapo fundi umeme anayejua haibridi anahitajika kweli.

Kuwaka si kuchaji. Hili nimelirudia kwa kila anayenipigia na nitalirudia tena. Ukilibusti, ukaenda nalo dukani na kurudi, kesho litalala tena. Betri iliyokauka inajaa polepole, inataka saa nyingi. Liache READY likiwa kwenye P, mahali pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu injini itajiwasha yenyewe wakati wowote na moshi wake unaua. Au fanya ninavyofanya mimi: chaja ndogo yenye sehemu ya betri za AGM, aina ya ile ndogo ya Prius, umeme mdogo wa ampea 4 hivi, usiku kucha. Betri hizi zimefungwa, tindikali yake imefyonzwa ndani ya mikeka ya nyuzi za kioo. Wale wa kuchaji betri mtaani wenye chaja kubwa za malori wataipika hapohapo, na atakayekwambia aifungue aongeze maji, ichukue betri yako uondoke.

Waya ukigeuza, nyekundu ukaweka kwenye hasi, unaweza kuchoma fyuzi kuu na hata konveta, na hapo ndipo mamilioni yatakutoka kwa haki. Mkono usiende haraka. Waya nene za rangi ya machungwa usiziguse kabisa, zile ni za betri kubwa. Na ukiombwa kubusti Fuso au hata Land Cruiser ya jirani, kataa kwa upole. Betri yako ndogo na konveta yake havikutengenezwa kwa kuzungusha stata ya mtu.

Ukisubiri watoto shuleni na unataka redio, kanyaga breki, bonyeza POWER, hakikisha READY imewaka. Ukisafiri muda mrefu, chomoa waya wa hasi, ila ukikopeshwa gari waarifu kwanza wenye treka, wasije wakadhani umelificha. Mimi tangu siku ile kila kijana anayeosha gari langu namwonyesha kitufe kile kabla hajachukua ndoo.

Betri ikishaishiwa kabisa mara kadhaa, nguvu yake hairudi yote, na joto la Dar nalo linaila. Ikikataa kubaki na volti zake baada ya kuchajiwa usiku kucha na kupumzika, nunua mpya, ya AGM, yenye tundu la mpira wa kutolea gesi nje, kwa kuwa betri hii inakaa ndani na abiria. Muuzaji atakuonyesha ya kawaida inayoingia palepale kwa bei nafuu. Uliza mpira utachomekwa wapi. Asipokuwa na jibu, mwache, nenda duka la pili, na ukifungiwa hakikisha mpira ule umerudishwa kabla hajafunika sakafu ya buti.