Euro 992 kwa mwezi Ujerumani, zinatosha?

Mdogo wangu wa Ujiji, umeuliza kama euro 992 kwa mwezi zitakutosha ukianza masomo Ujerumani Oktoba. Zinatosha, ila mwezi wa kwanza utakubana, na hapo ndipo nilipoumia mimi.

Zile euro 11,904 za mwaka mzima, unazoweka kwenye akaunti maalumu ya benki ili upewe viza, hazitoki kwa mkupuo, hutoka 992 kila mwezi. Mwenye nyumba hasubiri: anaruhusiwa kudai dhamana ya hadi kodi ya miezi mitatu, mbali na kodi yenyewe. Nilitoka Mwanga na euro 300 mfukoni nikijua hela ipo benki, nikaishia kulala kwa Mkongo mmoja wiki tatu, Mungu ambariki. Tenga hela ya kuanzia pembeni, na omba hosteli ya wanafunzi leo hii kama barua ya chuo unayo.

Kwenye tangazo la chumba, ukiona neno "kalt" ujue gharama ya kupasha nyumba joto haimo. Bima ya afya ni lazima, zaidi ya euro 130 kwa mwezi kama hujafika miaka 30. Ada ya redio na televisheni ni euro 18.36 kwa mwezi kwa nyumba, mnagawana mnaoishi pamoja.

Kazi unaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka, lakini usiiweke kwenye bajeti ya miezi ya mwanzo.

Akikudai mtu dhamana kabla hujakiona chumba, usitume hata senti. Mkataba upeleke ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni wakusomee kwanza.