Jibu: Nashindwa kuomba tangu nifiwe

Bwana asifiwe, dada. Pole sana. Unasema tangu mumeo afariki, ukipiga magoti maneno hayatoki, unaishia kulia. Kwanza, je, unakula na kulala? Nabii Eliya alipoomba afe chini ya mti wa mretemu (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimwambia ainuke ale, naye Eliya akala, akanywa maji, akalala tena. Mimi nilipofiwa na mama nilishika Zaburi 13, nikiisoma kwa sauti usiku. Ina mistari 6 tu, na Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" bila kuficha. Kulia kwako nako ni kuomba, soma Warumi 8:26. Kwa nini mumeo ameondoka mapema hivi, sijui. Mwombe mama mmoja wa jumuiya yenu aje jioni aombe, wewe uitikie "Amina" tu.