Njiwa uliowanunua wamerudi kwao? Hivi ndivyo wanavyozoea

Pole ndugu. Muuzaji hajakuibia, njiwa akifunguliwa hurudi alikokulia. Tabia hiyo ndiyo aliyoitumia Reuter, mwanzilishi wa shirika la habari la Reuters, mwaka 1850, njiwa wakimpelekea habari za hisa kutoka Brussels, Ubelgiji, hadi Aachen, Ujerumani, kwa kuwa nyaya za telegrafu kati ya miji hiyo zilikuwa bado hazijaunganishwa.

Kawachukue, uwafungie bandani wiki kadhaa na mtama na maji. Dume na jike usiwatenganishe kamwe! Wakitaga, huatamia kwa zamu siku kama 18. Wangu walipoangua, nilimwona dume naye akiwalisha makinda uji mzito, mweupe, kutoka kooni mwake. Nilisimama pale mpaka giza likaingia. Makinda watakaoanguliwa kwako ndio wako hasa: watajifunza kuruka juu ya paa lako, na hapo ndipo watakapopaita kwao.