Agizo Lisipotimizwa, Ndege Hairuki: Fundi Awajibu Wasomaji

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu marekebisho ya lazima ya viunzi vya ndege. Nimechagua tatu, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo inayobeba swali ambalo nyingine zote zinalizunguka.

Jana ilikuwa salama, leo imekuwaje?

*Assalaam aleikum, Mhandisi. Mwezi uliopita nilikuwa na safari ya asubuhi kwenda Nairobi. Tulikuwa tumeshapita ukaguzi tulipotangaziwa kwamba ndege imezuiwa, kwa kuwa muda wa marekebisho ya lazima kwenye kiunzi chake umefika. Ndege hiyo hiyo ilitua usiku uliotangulia ikiwa imejaa watu. Ikiwa jana ilikuwa salama, leo imekuwaje? Na ni nani mwenye uwezo wa kuilazimisha kampuni? – Msomaji, Port Reitz*

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Chuma cha ndege hiyo hakikubadilika usiku ule. Kilichokwisha ni idadi ya safari ambazo ndege ilikuwa imeruhusiwa kuruka kabla ya kufunguliwa na kutazamwa.

Yeyote aliyewahi kusimama Bandari ya Kale akatazama jahazi likitengenezwa anakielewa kiunzi cha ndege zaidi ya anavyodhani. Ndani mna mataruma, yaani mbavu zinazozunguka mwili mzima, mna fito ndefu zinazoyaunganisha mataruma hayo, na juu yake imevikwa ngozi ya bati la alumini, bati moja likipandishwa juu ya ukingo wa jingine na kushikizwa kwa safu za riveti, yaani misumari mifupi iliyopondwa ncha. Tofauti ni kwamba jahazi husukumwa na maji kutoka nje, ilhali ndege kubwa husukumwa na hewa kutoka ndani. Ikifika juu, hewa ya chumbani mwa abiria huisukuma ngozi hiyo kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 5 kwa kila mita mraba, na ikishuka nguvu hiyo hulegea. Ndege huvimba na kunywea, kwa kiasi ambacho jicho halikioni, mara moja kwa kila safari.

Chukua waya wa uzio, uukunje na kuukunjua mahali pamoja. Mara ya kwanza hauvunjiki, wala ya tano, lakini mwisho hukatika ingawa hukutumia nguvu zaidi ya zile za mwanzo. Huo ndio uchovu wa metali. Katika ndege uchovu huanzia kwenye tundu la riveti, kwa ufa mdogo kuliko punje ya mchele, na wahandisi wamepima kasi ya kukua kwa nyufa za namna hiyo. Wanajua ni baada ya safari ngapi ufa unaweza kuonekana kwa vifaa, na ni baada ya safari ngapi utakuwa hatari. Kikomo cha ukaguzi au cha marekebisho huwekwa mapema, mbali na hatari hiyo. Mwaka 2019, nyufa zilipoonekana kwenye kiungo kinachoshikilia bawa na mwili wa Boeing 737 za kizazi kilichotangulia kile kiitwacho MAX, mamlaka ya Marekani, FAA, iliagiza kwamba kila ndege iliyokwisha kupaa na kutua mara 30,000 ikaguliwe ndani ya siku 7. Zile zenye safari chache zaidi zilipewa nafasi ndefu zaidi. Kwa hiyo mlipozuiliwa asubuhi ile, ndege yenu ilikuwa imefikia mwisho wa nafasi iliyopewa, na kampuni ilifanya lililopaswa kufanywa.

Kuhusu nani anayelazimisha, mkondo wake ni huu. Kiambatisho cha 8 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaohusu usafiri wa anga wa kimataifa, kinaitaka nchi iliyobuni ndege izitumie nchi nyingine taarifa za lazima za usalama wake, nayo nchi iliyoisajili ndege inawajibika kuhakikisha zinatekelezwa. Ndege zenye usajili wa Kenya, zile zenye herufi 5Y ubavuni, ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA. Mtengenezaji anapogundua kasoro hutoa kwanza waraka wa kiufundi, ambao kwa kawaida ni ushauri. Mamlaka ikiuchukua na kuutolea agizo la ustahilifu wa kuruka, ushauri umekuwa sheria, na ndege isiyotimiza agizo hilo haihesabiwi kuwa inastahili kuruka hata kama injini zake zinaunguruma vizuri. Kampuni inaweza kuomba itumie njia nyingine inayofikia usalama ule ule, lakini njia hiyo ni lazima ikubaliwe kabla ya kutumiwa. Inaweza pia kupewa kibali cha kuipeleka ndege bila abiria hadi penye karakana. Kukataa haiwezi.

Sasa niseme jambo ambalo hukuliuliza, ndugu yangu, na ambalo ndilo linalonihangaisha. Agizo ni kiasi cha chini kabisa kinachokubalika, na kuna karakana zinazolisoma kana kwamba ndiyo kazi yote. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya shirika la Aloha iliyokuwa ikitoka Hilo kwenda Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, ilipasuka ikiwa kwenye urefu wa futi 24,000, na kipande cha paa cha urefu wa futi 18 hivi kikang'oka nyuma ya chumba cha marubani. Mhudumu mmoja alinyakuliwa na upepo asionekane tena. Marubani waliweza kutua kisiwani Maui, na abiria wote wakanusurika, wengi wakiwa na majeraha. Ndege hiyo ilikuwa imepaa na kutua mara 89,680.

Agizo la kukagua maungio ya mabati ya ndege za aina hiyo lilikuwa limeshatoka mwaka uliotangulia. Waraka wa mtengenezaji ulitaja maungio yote ya urefu wa mwili, lakini agizo la mamlaka lililazimisha ungio la juu tu, upande wa kushoto na wa kulia. Ungio lililoachia lilikuwa la chini yake. Gundi iliyolishikilia pamoja na riveti ilikuwa imeachia, unyevu ukaingia, na nyufa ndogo ndogo zikajipanga kutoka tundu hadi tundu mpaka zikakutana. Bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali, NTSB, iliilaumu kampuni kwa kutoziona dalili hizo, na ikataja pia kosa la FAA la kutolazimisha maungio yote kukaguliwa. Siwezi kuisoma habari hiyo bila kufikiria pwani yetu. Visiwa, safari fupi fupi, hewa ya chumvi mchana na usiku: ile ilikuwa ndege ya mazingira kama yetu.

Chumvi na ndege ndogo

*Mwanangu, binti yangu huenda Lamu kikazi kila wiki, kwa ndege ndogo ambayo nimeambiwa yamshinda yeye kwa umri. Nikitazama mabati ya jikoni kwangu yalivyoliwa na chumvi, moyo wanienda mbio. Yafaa nimkataze? – Mama, Mtongwe*

Shikamoo, Mama. Usimkataze. Lakini hofu yako ina msingi, nami nitakueleza ulipo.

Nyingi kati ya ndege ndogo hizo hazijazwi hewa ya shinikizo, kwa hiyo ule uchovu wa kuvimba na kunywea niliomweleza ndugu wa Port Reitz hauzihusu. Mzigo wao uko kwenye mihimili ya mabawa, inayopindwa na upepo na kutikiswa kila zinapotua kwenye viwanja vidogo. Umri wa miaka peke yake hautoshi kukuambia hali ya ndege. Mwaka 1977, ndege ya mizigo aina ya Boeing 707 iliyotoka London, ikapitia Athens na hapa kwetu Nairobi, ilianguka ikikaribia kutua Lusaka, na watu wote 6 wakafa. Bawa dogo la mkiani lilikatika kwa sababu ya uchovu wa metali kwenye mhimili wake wa nyuma, na ndege yenyewe ilikuwa na miaka 14 tu. Ndege nyingine 521 zenye bawa la namna ile zilipokaguliwa, karibu asilimia 7 zilikutwa na nyufa. Mhimili ule ulikuwa umebuniwa ili sehemu moja ikishindwa nyingine ibebe mzigo, ila hakukuwa na ukaguzi wa kutosha wa kuigundua ile iliyoshindwa. Mwaka 1978 kanuni za Marekani za ndege kubwa zilibadilishwa, zikamtaka mbunifu achukulie kwamba ufa unaweza kutokea, kisha aonyeshe utatafutwa wapi na lini.

Chumvi, Mama, ina hesabu yake. Haihesabu safari, inahesabu miezi, na ndege iliyoegeshwa huliwa sawa na inayoruka. Ndiyo maana maagizo mengi huweka vikomo viwili, cha safari na cha kalenda, na kinachofika kwanza ndicho kinachofuatwa. Alumini haifanyi kutu nyekundu kama mabati yako. Hutoa unga mweupe, kisha huvimba na kuachana tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma iliyoiva vizuri, hata ikainua vichwa vya riveti. Dawa yake ni kazi ya subira: kuosha ndege kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kuzibua vitundu vya tumboni ili maji yasituame, na kupaka mafuta ya kinga kwenye maungio, kama mabaharia wanavyolipaka jahazi deheni kabla halijarudi majini.

Nitakusimulia jambo moja. Miaka iliyopita, katika karakana ambayo sitaitaja, tulikuwa tunatimiza agizo la kukagua mataruma 6 chini ya sakafu ya jiko la ndege, mahali ambapo chai na maji humwagika na kudondoka kwa miaka. Yote 6 yalikuwa mazima. Mwanafunzi aliyekuwa akinishikia tochi akaniuliza kwa nini taruma la 7 lina kitu kama unga wa muhogo pembeni. Nilikwangua kwa kijiti cha plastiki, kijiti kikazama. Msimamizi wetu alisema agizo limetaja 6, kazi imekwisha, tufunge sakafu kwa sababu ndege inangojewa. Nilikataa kutia saini. Tulibishana mpaka magharibi, na hatimaye taruma lile likakatwa na kuwekwa jipya, na ndege ikachelewa siku 4. Kabla ya kuondoka nilikaa na kile kipande kilichokatwa mkononi. Ukikibonyeza kwa kidole gumba, kilitoa sauti kama ya jani kavu.

Kwa hiyo muulize binti yako jambo dogo: je, kampuni anayosafiri nayo huahirisha safari mara moja moja kwa sababu za ufundi? Kampuni isiyoahirisha safari hata mara moja, mwaka baada ya mwaka, ndiyo ambayo ningetaka kuijua zaidi.

Kiraka ubavuni

*Mhandisi, shikamoo. Nilipokuwa napanda ngazi ya ndege hapa uwanja wa ndege wa Moi, niliona kiraka cha bati karibu na mlango, kimezungushiwa riveti zenye vichwa vilivyotokeza. Nilitaka kumwambia mtu lakini niliona haya. Je, kiraka ni dalili mbaya? – Kijana, Miritini*

Marahaba, mwanangu. Kiraka kilichowekwa kwa kufuata michoro iliyoidhinishwa kina nguvu inayotakiwa, na huna haja ya kukiogopa. Riveti zenye vichwa vilivyotokeza nazo zina historia njema. Katika ndege za aina ya ile ya Aloha, vichwa vya riveti vilikuwa vimezamishwa ndani ya bati jembamba ili ngozi iwe laini, na ukingo wa tundu ukabaki mkali kama wembe, mahali pazuri pa ufa kuanzia. Marekebisho ya lazima yaliyofuata yaliziondoa riveti za safu ya juu na kuweka zenye vichwa vya nje.

Ubaya huja pale kiraka kinapowekwa kinyume cha michoro. Mkia wa Boeing 747 ya shirika la ndege la Japani uligonga barabara ya kutulia mwaka 1978, na katika kutengeneza ukuta wa nyuma unaozuia hewa, bamba la kuunganishia lililopaswa kuwa moja lilikatwa vipande viwili. Mzigo uliotakiwa kubebwa na safu mbili za riveti ukabebwa na safu moja. Ulibebwa kwa zaidi ya safari 12,000, hadi tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ulipopasuka, na watu 520 wakafa. Ndege nyingine ya aina hiyo, ya China Airlines, ilisambaratika angani mwaka 2002 na kuua watu 225, kwa sababu ya kiraka cha mwaka 1980 ambacho hakikufunika mikwaruzo yote iliyokuwa chini yake. Ndiyo maana siku hizi viraka vya zamani vya ndege kubwa navyo huwekewa ukaguzi wa lazima.

Kuhusu haya uliyoona, nakuomba usiione tena. Kule Hilo mwaka 1988, abiria mmoja aliuona ufa kwenye ngozi ya ndege alipokuwa akipanda, karibu na mlango, asimwambie yeyote. Wewe ukiona mstari usioeleweka, rangi iliyopasuka kufuata safu ya riveti, au michirizi myeusi inayotoka kwenye vichwa vyake, mwambie mhudumu anayewapokea mlangoni. Mwambie ni upande gani, na ni umbali wa madirisha mangapi kutoka mlangoni. Atampelekea rubani habari, rubani atamwita fundi, na fundi ataiweka ngazi pale ulipoonyesha, atapanguza kwa kitambaa, atamulika tochi kutoka pembeni, na ataitazama sehemu hiyo kwa lenzi kabla mlango haujafungwa.