Re: Claressa Shields amewahi kupigwa?

Mkuu, huyo bondia wa kike wa Marekani, kwenye ngumi za kulipwa hapana. Alianza Novemba 2016, na hadi anamshinda Danielle Perkins kwa pointi kule kwao Flint, Marekani, Februari 2025, na kuzoa mikanda yote ya uzani wa juu, hakuwa amepoteza hata pambano moja. Aliyempiga ni Savannah Marshall wa Uingereza, lakini hiyo ilikuwa ridhaa, mashindano ya dunia China, Mei 2012. Miezi michache baadaye Shields akachukua dhahabu ya Olimpiki akiwa na miaka 17! Kisasi kwa Marshall alikilipa London, Oktoba 2022, raundi zote kumi. Hiyo kaitazame, ndiyo ngumi yenyewe. Kipigo cha 2021 unachokisikia kilikuwa MMA, mapigano ya mchanganyiko wa ngumi, mateke na mieleka.