Kisiwa cha Kukesha na Mwalimu wa Kulala Saa Nne

SWALI: Habari ya kazi. Mimi ni mwalimu hapa Lanet, Nakuru. Binamu yangu na marafiki zake wawili wamepanga twende Ugiriki likizo ya Agosti, kisiwa kinaitwa Ios, na hela nimeshachanga. Shida ni kila mtu nikimtajia hicho kisiwa anacheka, eti huko ni pombe na kukesha tu, na mimi saa nne usiku niko kitandani, sinywi, sidensi, napenda kitabu changu na kutembea. Nijifanye mgonjwa ama niende tu? – Mwalimu Mkimya

JIBU: Usijifanye mgonjwa mwalimu, hela ni zako. Waliokucheka hawajadanganya, Ios imekuwa ya vijana wa kukesha miaka mingi, ila hawajakuambia kwamba zile kelele zina mahali pake na saa zake. Kisiwa kizima kina wakaazi kama elfu mbili tu, sehemu kubwa ni milima mikavu na mbuzi, na disko nyingi zimerundikana kule mji wa juu, Chora, kwa vichochoro vinavyozunguka kiwanja kimoja kidogo. Muziki unashika moto saa saba usiku unaenda mpaka kuche. Aliyewahi kulala karibu na disko matanga huku kwetu anajua, ukiwa boma la pili hulali, ukiwa ng'ambo ya kilima unasikia besi kwa mbali na usingizi unakuchukua.

Kwa hivyo cha kupigania ni kitanda. Binamu atataka mlale Chora ndio wasihangaike na ngazi usiku, na bei ya chumba cha watu wanne itaonekana tamu, kataa mapema kabla hajalipa. Chukua chako chini bandarini, Ormos, ama ufuo wa Gialos ulio hapo kando, ndiko familia nyingi hulala. Basi linapanda Chora na kushuka upande wa pili mpaka Mylopotas, ule ufuo wa kwenye picha, mchanga mrefu na maji mazuri ajabu, lakini mchana kule kwa kambi za vijana kuna muziki, wewe enda asubuhi.

Na asubuhi kwa kweli ndiyo yako yote. Panda Chora saa mbili wakati wenzako wanakoroma, utakuta mtu wa baa anamwaga maji kwa mawe akifagia vikombe vya plastiki, paka wamejinyoosha kwa ngazi, duka la mikate liko wazi na hakuna foleni. Kuna jumba dogo la makumbusho lenye vitu vya Skarkos, na Skarkos yenyewe ni kijiji cha zaidi ya miaka 4,000 iliyopita kilichofukuliwa karibu na mji, nyumba za mawe za ghorofa. Za ghorofa, enzi hizo! Kaskazini, Plakotos, kuna kaburi linalosemekana ni la Homer, yule mshairi wa kale, maana Wagiriki wa zamani walisimulia alifia Ios, na mwaka 1771 Mholanzi mmoja, Pasch van Krienen, akachimba na kutangaza amelipata. Mimi siamini sana lakini nenda, ni mawe na upepo na bahari, baa hakuna. Ni mbali na mji kwa hivyo panga usafiri mapema.

Na wenzako usiwakimbie kabisa. Huko watu wanakula chajio saa tatu, saa nne usiku, kwa hivyo pandeni pamoja mpaka kanisa la Panagia Gremniotissa pale juu ya mji mtazame jua likizama kitu saa mbili, mkale, halafu wao waende zao na wewe ushuke. Ushuke na basi lakini, hiyo barabara usiku ina vijana wa kukodi pikipiki ambao nisingetaka nyuma yangu.

Agosti ndiyo wamejaa zaidi, hasa karibu na tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria. Likizo yenu ikiruhusu sukuma safari iwe baada ya hapo. Viza ni ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ada euro 90, na ombi linapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, usingoje Julai.

SWALI: Nimesoma mnasifu visiwa vya Ugiriki. Mimi ni wa Mbita, feri nimezoea, hiyo ya kwenda huko ina tofauti gani? – Baba Achieng'

JIBU: Tofauti ni upepo, baba. Julai na Agosti kuna upepo wa kaskazini unaitwa meltemi, unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo, na ukizidi serikali inazuia meli kutoka bandarini. Kutoka Piraeus, bandari ya Athens, chukua meli kubwa ya polepole, ni safari ya kama masaa saba hadi Ios lakini haiyumbi sana kama zile za mwendo kasi. Na usikate tiketi ya ndege ya kurudi siku ileile unayotoka kisiwani, lala Athens usiku mmoja.